Alhamisi Iliyoandikwa Jumatano

Mlinzi wa ghala alikaa kimya siku nne. Siku ya tano, Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, aliomba chai, akainywa mpaka tone la mwisho, akakigeuza kikombe kifudifudi mezani, akasema, "Haya. Nasikia leo mnamfukuza dereva."

Inspekta aliyeketi mbele yake hakujibu. Katika chumba kile kuuliza ilikuwa kazi yake, kujibu ilikuwa kazi ya wengine. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, mkavu wa maneno, na kituo kizima kilimwita Kufuli. Jina lilitokana na rundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, na tabia yake ya kufunga kila droo aliyoikuta wazi, iwe yake au ya mtu mwingine.

"Nani kakwambia habari za dereva?" aliuliza.

"Mahabusu hakuna redio, mama, lakini habari hazikosi."

"Jopo la nidhamu linakaa saa nane," alisema Sajini, aliyekuwa pembeni na daftari la maelezo magotini. "Kama una la kumsaidia, sema. Kama huna, rudisha kikombe cha watu."

Ghala lenyewe lilikuwa la dawa. Dawa zilizopitwa na muda ziliingizwa humo, zikabandikwa lebo mpya zenye tarehe mpya, zikatoka kwenda madukani. Wagonjwa wawili wa shinikizo la damu walikuwa wamelazwa kwa sababu ya dawa hizo. Mara tatu Inspekta alikwenda kupekua, kila mara ghala jingine la mmiliki yule yule, na mara zote tatu alikuta sakafu imefagiwa ikafagika. Kuna mtu alikuwa akitoa siri. Inspekta alishaamua ni nani: dereva wa gari la idara, aliyejulishwa jioni ya kabla ya kila safari ili ajaze mafuta, na ambaye ndani ya simu yake ilikutwa namba ya mlinzi huyu huyu. Miaka kumi na minne kazini. Akifukuzwa, anaitoa familia yake kwenye nyumba ya idara mwisho wa mwezi.

"Yule dereva hakunipa neno, na mimi sikumpa neno," alisema mlinzi. "Tunacheza drafti kila Jumapili, basi. Namba yangu anayo kwa sababu lazima anipigie kuniuliza kama nimeamka."

"Na siku nne hizi ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa namlinda bosi. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Lakini kumfukuzisha mtu wa watu kwa ajili ya bosi, hiyo haikuwa kwenye mkataba."

"Vitu viliondolewa lini?"

"Jumanne."

"Jumatano," Inspekta alimsahihisha. "Jumatano usiku."

Mlinzi alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mzazi aliyekosea darasa la mwanawe. "Mama, geti nililifungua mimi. Jumanne, baada ya saa kumi alasiri. Malori mawili. Bosi alikuja mwenyewe, jasho linamtiririka, anapiga kelele: haraka, haraka, kesho askari wanakuja."

"Kesho?"

"Kesho. Jumatano. Na Jumatano sikupumua. Kila nusu saa simu inalia: wamefika? Bado, bosi. Wamefika? Bado. Mpaka nikaona aibu kwa niaba yenu. Nimefagia, nimevaa sare safi, nimekaa getini kungoja wageni, na wageni hawaji. Mkaja Alhamisi alfajiri, mkavunja geti ambalo hata sikulifunga. Mlichelewa siku nzima. Harusini tunachelewa, lakini si hivyo."

Sajini aliinamisha uso kwenye daftari, mabega yakimtikisika.

"Una kitu cha kuthibitisha hayo?" aliuliza Inspekta.

"Daftari la geti. Kila gari linaloingia naliandika, liwe la halali au la haramu, bosi hajawahi kunikataza. Mlilichukua nyinyi wenyewe. Hamkulisoma?"

Hawakulisoma. Lilikuwa kwenye kabati la vielelezo, ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri, limefungiwa vizuri sana. Inspekta alichagua ufunguo, akafungua kabati, akakata lakiri, akafunua kurasa. Jumanne, saa kumi na dakika ishirini, malori mawili, yameingia matupu. Saa kumi na mbili kasoro kumi, yametoka yamejaa. Mwandiko wa mlinzi ulikuwa mzuri kuliko wa Sajini.

Walisimama kwenye korido, mlango wa chumba cha mahojiano ukiwa umefungwa nyuma yao.

"Dereva nilimwambia Jumatano saa kumi na mbili jioni," alisema Inspekta. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Karatasi ya mafuta ina saa."

"Kwa hiyo Jumanne hakujua kitu."

"Jumanne tuliojua tulikuwa watatu. Mkuu wa kituo, mimi, na wewe."

Sajini aliacha kutabasamu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mzaha wa kutosha watu wawili, na miaka sita walikuwa wamefanya kazi pamoja. "Usiniangalie hivyo, Afande."

"Naangalia kila mtu hivyo."

"Basi niangalie vizuri." Alitoa simu, pochi, leso na peremende mbili, akavipanga juu ya benchi la korido. "Pekua. Dereva ulimpekua mbele ya watoto wake. Mimi wangu wako shule, nina nafuu."

Hakulisema kwa ubaya, na kwa hiyo liliingia ndani zaidi. Jumamosi asubuhi Inspekta alikuwa amesimama jikoni kwa dereva. Alimwaga unga wote kwenye sinia kutafuta kilichofichwa ndani ya debe. Alifungua mikoba ya shule ya watoto, daftari moja moja. Mke wa dereva alisimama ukutani, kitambaa cha meza mkononi. Mtoto mdogo kuliko wote, msichana wa miaka saba hivi, ndiye aliyeuliza, "Baba kaiba nini?" Na Inspekta, aliyekuwa na haraka, alijibu bila kugeuka, "Muulize mwenyewe."

"Rudisha vitu vyako mfukoni," alimwambia Sajini. "Hata kama ni mmoja wetu watatu, mbona aliwaambia Jumatano?"

Hapo ndipo walipoingia ofisini na kuanza upya, karatasi kwa karatasi. Hati ya upekuzi iliyosainiwa na Mkuu Jumatatu: Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Barua kwa Mkuu: Alhamisi. Daftari la zamu, lililojazwa Jumatano usiku: Alhamisi. Kijitabu cha Sajini: Alhamisi, na mistari miwili chini yake.

"Mtoa siri anayejua ghala lakini hajui siku," alisema Sajini. "Tunatafuta karatasi iliyoandikwa Jumatano, au mtu aliyekosa shule siku ya kufundishwa wiki."

Ilikuwa saa nne na nusu. Inspekta aligeukia kompyuta kuona zimebaki saa ngapi kabla ya jopo, na ukurasa wake ukafunguka, kama ulivyofunguka kila asubuhi.

Ukurasa ule ulikuwa fahari yake. Miezi miwili iliyopita alichoka kutafuta habari huku, kalenda kule, ratiba ya shule kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, akaamua kujitengenezea dashibodi yake mtandaoni, kila kitu mahali pamoja. Aliijenga mwenyewe kwa Jumapili tano, akifuata maelekezo aliyoyachapisha na kuyapigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kila jambo lilikuwa na kisanduku chake: cha hali ya hewa, cha habari zinazojileta zenyewe kutoka magazeti matano, cha watoto, cha kazi, cha mahitaji ya nyumbani. Visanduku alivihamisha, akavipanua, akavipaka rangi kama anapanga sebule. Kila kimoja kilikuwa na alama ya kufuli kwenye kona. Kufuli ikifungwa, unakiona wewe peke yako. Ikiwa wazi, anakiona yeyote mwenye linki. Linki alikuwa amempa wifi yake, dada wa mumewe, aliyewachukua watoto shuleni siku ambazo Inspekta alichelewa. Kwa ajili yake kisanduku cha watoto aliacha wazi, na cha hali ya hewa, na cha habari. Cha kazi alikifunga. Siku ile ya kwanza alikikagua mara tatu.

Juu kabisa aliweka kisanduku alichokipenda kuliko vyote, akakiita KINACHOFUATA. Hicho hakikuwa na kitu chake chenyewe. Kiliokota miadi kutoka visanduku vingine na kuipanga mstari mmoja mmoja, ili mtu mwenye haraka atazame mara moja aondoke.

Na ile saa. Saa tatu asubuhi, simu na kompyuta huiita tisa, na Inspekta alikuwa amechoka kujumlisha na kutoa sita kila anapotazama kioo cha simu. Basi aliudanganya ukurasa kwamba mwenye nao anaishi nchi ya mbali ambako saa ziko nyuma kwa sita. Uongo mdogo, na ulifanya kazi vizuri ajabu. Miadi aliyoiandika kwenye simu ilijitokeza ukurasani kama watu wanavyoitaja kwa vinywa vyao: ya saa tatu ikasomeka 3:00, ya saa nane ikasomeka 8:00. Aliwahi hata kumwonyesha Sajini, akajifanya ni jambo la kawaida.

*Leo, 8:00. Jopo la nidhamu, dereva.*

Alisoma mstari huo. Kisha, kwa sababu neno "Jumatano" lilikuwa bado linamzunguka kichwani, alirudisha orodha nyuma mpaka wiki iliyopita.

*Jumatano, 11:00. Upekuzi, ghala la nyuma ya kiwanda cha viatu.*

Aliusoma tena akiufuata kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki nzima alikuwa ameutazama mstari huo na kuona kumi na moja tu, na kumi na moja ilikuwa sahihi. Siku hakuitazama. Alivuta karatasi, akaandika: Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Akatoa saa sita. Ukitoa saa sita kwenye alfajiri ya Alhamisi, Alhamisi inakwisha, unaangukia usiku wa Jumatano. Safari mbili za kwanza zilikuwa za mchana, siku haikuguswa. Ya tatu tu ndiyo ilikuwa ya alfajiri.

"Sajini." Alisukuma karatasi pembeni. "Leta simu yako hapa."

Alimtumia linki ile ile aliyompa wifi yake. Sajini aliifungua kwenye simu yake mwenyewe, kama mtu baki, na Inspekta akasimama nyuma ya bega lake. Kisanduku cha kazi hakikuonekana kabisa. Kilifungwa, kama alivyokifunga. Lakini juu kabisa, kikubwa, cha rangi ya machungwa aliyoichagua mwenyewe, kilikuwepo KINACHOFUATA, na ndani yake kila alichokifungia kwingine.

"Hiki hukukifunga," alisema Sajini taratibu.

"Nilifunga vinakotoka. Nilidhani inatosha."

"Na hujawahi kuufungua ukurasa kama mgeni?"

"Mimi si mgeni kwenye ukurasa wangu."

Sajini aliirudisha simu mfukoni.

"Chukua funguo za gari," alisema Inspekta. "Twende kwa wifi yangu."

*

Sajini aliendesha vibaya. Kila gia iliingia kwa kelele, na kila ilipolia, Inspekta alimkumbuka aliyepaswa kushika usukani ule.

Saluni ya wifi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye viti vinne, vioo vinne na harufu ya mafuta ya nywele yaliyopashwa moto. Wateja walikuwa wawili: mmoja chini ya mashine ya kukaushia, mwingine akisukwa na wifi mwenyewe. Na ukutani, juu ya kioo cha mwisho, mahali ambapo mtu akikaa kwenye kiti cha rangi hana pengine pa kutazama, palikuwa na televisheni. Ndani ya televisheni kulikuwa na wingu dogo la hali ya hewa, habari za magazeti matano zikipanda polepole, na kisanduku cha rangi ya machungwa.

Inspekta alisimama mlangoni.

"Wifi!" Mwenye saluni aliachia suko, akafungua mikono. "Leo umekuja kusuka? Maana hicho kichwa kinaomba msaada tangu mwaka jana. Jamani, huyu ndiye niliyewaambia. Kile kitu ukutani kakitengeneza yeye, kwa mikono yake. Askari, lakini kompyuta anaicheza kama kinanda."

"Kizuri kweli," alisema mteja wa chini ya mashine, akipaza sauti kwa sababu ya kelele masikioni. "Habari zinakuja zenyewe, hatugombanii tena rimoti. Halafu Inspekta, samahani, huyo dereva wa saa nane kafanya nini? Tunabishana tangu asubuhi. Mimi nasema pombe."

"Si pombe," alisema wa pili. "Pombe hawaiti jopo."

"Na mwanao wa mwisho ana daktari wa meno Ijumaa, usisahau."

Joto lilimpanda Inspekta kutoka shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Ilibidi aulize, na kuuliza ilikuwa kazi yake, ila safari hii kila jibu lingekuwa lake.

"Wifi, hii umeiweka lini ukutani?"

"Tangu uliponipa linki. Nikasema, kwa nini nifaidi peke yangu? Kuna ubaya?"

"Kuna mtu amewahi kuipiga picha?"

Wifi alifikiri, kitana kinywani. "Yule mama wa manukato, anayenukia kabla hajaingia. Huwa analetwa na gari la kijani lenye picha ya kidonge ubavuni."

Sajini alimtazama Inspekta. Gari la kijani lenye kidonge walilijua wote wawili. Lilikuwa la mwenye ghala.

"Anakaa wapi akija?"

"Hapo hapo kwenye kiti cha rangi. Jumanne iliyopita ndiyo alinishangaza. Rangi iko kichwani, haijaiva hata robo, mara kainuka, kapiga picha televisheni, eti anapenda hali ya hewa ilivyopangwa. Kaondoka na rangi yake, anasuuza nyumbani. Nikamwambia, dada, utatoka madoadoa kama kanga. Hakunisikia."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu."

"Daftari lako la miadi liko wapi?"

Lilikuwa chini ya kaunta, limechafuka mafuta. Inspekta aliligeuza mwenyewe. Mama wa manukato alikuja Jumanne iliyopita. Alikuja pia siku moja kabla ya upekuzi wa kwanza, na siku moja kabla ya wa pili. Sajini alinakili tarehe zote tatu, na kalamu yake ndiyo pekee iliyosikika, kwa sababu wifi alikuwa amezima mashine ya kukaushia.

"Wifi," alisema mwenye saluni, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Nimekufanyia nini?"

"Hukunifanyia kitu. Niliyefungua ni mimi." Inspekta alifunga daftari. "Usiizime. Usimwambie mtu kwamba nimeuliza. Na nyinyi dada zangu, mkitoka hapa mmekuja kusuka tu, hamkuniona."

"Mimi? Kaburi," alisema mteja wa chini ya mashine, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

*

Walikaa ndani ya gari mbele ya saluni. Ilikuwa saa sita na robo. Inspekta alikuwa ameshika simu, na ukurasa ulikuwa wazi mkononi mwake. Kwenye kona ya kile kisanduku cha machungwa ile alama ya kufuli ilikuwa imetanua mdomo. Kidole kimoja tu kingetosha kuifunga.

"Ifunge," alisema Sajini, akitazama mbele. "Hakuna anayejua isipokuwa mimi, na mimi nimezeeka, nasahau. Jopo tunawaambia ushahidi hautoshi. Dereva anarudi kwenye gari lake, ambalo kusema kweli linamhitaji. Wewe unabaki Kufuli."

"Ushahidi hautoshi."

"Ndiyo maneno yenyewe."

"Maana yake kaiba, ila hatukumwona."

Sajini alisugua usukani kwa kidole gumba. "Nimesema tu, Afande."

"Najua. Na mimi nimekusikiliza mpaka mwisho, hilo ndilo baya." Aliitia simu mkobani, akafunga zipu. "Washa gari. Tumia gia ya kwanza, siyo ya tatu."

*

Jopo la nidhamu lilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu: Mkuu wa kituo, ofisa wa nidhamu kutoka makao makuu, na karani wa kuandika. Dereva alikaa peke yake upande wa pili. Alikuwa amevaa suti, na ilionekana wazi kwamba suti hiyo ilikuwa ya siku kubwa, kwa sababu mikunjo ya sandukuni ilikuwa bado kifuani. Magotini aliweka bahasha yenye vyeti vyake vyote vya udereva. Inspekta alipoingia, dereva alisimama kwa heshima, kama alivyosimama siku zote.

Hilo lilimwumiza kuliko kama angetema chini.

"Inspekta," alisema ofisa wa nidhamu, "wewe ndiye mlalamikaji. Soma mashtaka yako."

"Sina mashtaka. Naomba ile skrini ya ukutani."

Aliufungua ukurasa mbele yao, kwa linki, kama mtu baki. Wingu, habari, daktari wa meno, na kwa rangi ya machungwa: *Leo, 8:00. Jopo la nidhamu, dereva.* Karani aliacha kuandika.

"Aliyetoa siri za upekuzi amepatikana," alisema Inspekta. "Ni mimi."

Alieleza yote akiwa amesimama, bila kuruka kitu. Alieleza visanduku na kufuli zake, ile nchi ya uongo yenye saa sita nyuma, na Alhamisi iliyogeuka Jumatano mahali pamoja tu duniani, ukurasani kwake. Aliweka mezani daftari la geti, karatasi ya mafuta, na tarehe tatu za saluni. Alieleza kwamba daftari la geti lilikaa kwenye kabati lake siku nne bila kufunuliwa, kwa sababu alikuwa ameshamjua mwizi wake na hakuona haja ya kusoma.

"Ulifanya makusudi?" aliuliza ofisa wa nidhamu.

"Hapana. Nilijiona najua."

"Hilo niliandikeje?" aliuliza karani.

"Hivyo hivyo nilivyosema."

Mkuu wa kituo aliitazama skrini, hasa mahali palipoandikwa miadi ya meno. "Huyo mama wa manukato anajua kwamba tumejua?"

"Hapana."

"Basi ukurasa usifungwe. Sajini ataandika humo upekuzi wa uongo, kesho Jumanne waukute. Safari hii tutawangoja huko watakakohamishia." Alinyoosha kiganja juu ya meza. "Kesi ni ya Sajini. Nipe funguo za kabati la vielelezo. Mengine juu yako yataamuliwa na makao makuu."

Inspekta alilifungua rundo kiunoni. Ufunguo wa kabati ulikuwa mgumu kutoka kwenye pete, na vidole vilimteleza mara mbili, watu wanne wakimtazama. Ulipotoka aliuweka kwenye kiganja cha Mkuu.

"Dereva," alisema ofisa wa nidhamu, "umesafishwa. Rudi kazini kesho."

Dereva alishukuru, akaipanga vizuri bahasha yake, akatoka.

Inspekta alimkuta kwenye korido, karibu na lile benchi. Alikuwa amelegeza tai na alikuwa anaitazama bahasha kana kwamba hajui aipeleke wapi.

"Nimekukosea," alisema Inspekta. "Naomba radhi."

"Nimekusikia mle ndani, Afande. Uliongea vizuri."

"Naongea na wewe sasa."

Dereva alitikisa kichwa kidogo. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, alikuwa ameichoka hasira yenyewe. "Mimi nimekuelewa. Lakini wanangu hawakuwa kwenye jopo. Walikuwa jikoni Jumamosi. Jana mdogo kakataa kwenda kucheza nje, wenzake wanamwambia baba yake mwizi. Nikimwambia mimi si mwizi, ananitazama tu. Ni wewe uliyekuja na sare."

"Nitakuja niwaambie. Saa ngapi?"

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkoba, ukatoa simu, na kidole kilikuwa kimeshafungua kalenda kabla hajaona dereva anatazama nini. Aliirudisha simu mkobani.

"Saa kumi na moja jioni," alisema dereva. "Wanakuwa wametoka shule. Leo, Afande. Si jana."

*

Alikwenda kwa miguu, na alivaa sare, kwa sababu kwa sare ndiyo alikwenda mara ya kwanza. Majirani walewale waliosimama vibarazani Jumamosi walisimama tena. Saa kumi na moja kasoro dakika mbili alipiga hodi.

Aliyefungua mlango alikuwa yule msichana mdogo. Alimtambua mara moja, akashika mlango kwa mikono miwili asije mtu akapita.

"Mama! Yule aliyemwaga unga amerudi!"

"Sikuja kupekua," alisema Inspekta. Alipiga magoti pale kizingitini, barabara nzima ikiwa nyuma yake, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Jumamosi uliniuliza swali nikakujibu vibaya. Niulize tena."

Mtoto alitazama nyuma, kwa mama yake aliyekuwa amesimama na kitambaa kilekile mkononi, kisha akamtazama Inspekta.

"Baba kaiba nini?"

"Hakuiba kitu," alisema Inspekta, kwa sauti ya kusikika mpaka vibarazani. "Kosa ni langu."